Si Kweli

Aivars Strods anataka orodha Ijumaa:
kompyuta mia mbili na kumi na nne,
kila moja na tiki yake.
"Sera ilishatumwa kutoka kwenye seva," anasema,
"zimejizima zenyewe. Wewe andika tu."
Lakini kuamuru si kutiiwa,
na mimi ni binti wa mwanamke aliyerudi nyumbani
mara tatu kutoka kituo cha basi
kuhakikisha kama jiko amelizima.

Basi natembea.
Januari, hospitali ya Rēzekne, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Wodi zinanuka iodini na mkate mweusi wa kisibiti.
Viatu nimevivika mifuko ya plastiki ya buluu,
nachakarisha koridoni kama panya ndani ya gunia.

Kwa kila mashine, amri moja, mstari mmoja.
Nauliza: ile itifaki ya zamani, toleo la kwanza,
lugha ambayo kompyuta zilisalimiana nayo
kabla hazijajifunza kuogopa,
bado unaiitikia?
Nayo hujibu: Si kweli.

Sijui kazi nyingine
ambayo mtu huzunguka mchana kutwa
akiomba aambiwe si kweli,
na akiambiwa, anashukuru.
Si kweli, mapokezi.
Si kweli, duka la dawa.
Si kweli, wodi ya wazazi, ambako muuguzi Domicella
alinisogezea kiti kwa mguu, mtoto wa watu mikononi.
Si kweli, si kweli, hadi neno likaisha chumvi
nikawa nalisoma kabla halijatokea.
Jicho lililozoea halioni. Linakumbuka.

Ya mia na sabini na tatu iko chini ya ardhi,
kwenye hifadhi ya picha za eksirei,
anakokaa Leontīne na sweta mbili na redio.
Niliandika amri. Nikaweka tiki.
Kidole kilikwisha kugeuza karatasi
nilipoona kwamba jibu ni fupi kuliko mengine.

Kweli.

Nikajitegea kitendawili mwenyewe:
mgeni nimemtimua, kikombe chake kingali moto.
Nikapekua kumbukumbu za mfumo,
nani aliifungua tena, na lini.
Machi, mwaka juzi, saa kumi na dakika arobaini jioni.
Jina la mtumiaji lilikuwa langu.

Skana ya Leontīne, kubwa kama friji iliyolazwa,
haikujua lugha nyingine.
Picha ziligoma kwenda juu, na juu
daktari alikuwa anasubiri pafu la mtu.
Nikasema: kwa leo tu.
Leo ile ilikuwa na siku mia sita na sitini na kitu.
Komeo nililolitoa kwa huruma;
mwizi asingeuliza nililitoa kwa nini.

"Ukifunga, picha nitazipelekaje?"
"Kwa miguu. Mpaka skana mpya ije."
"Itakuja lini?"
Nikashindwa kudanganya
mbele ya mashine iliyotoka kunisema.
Leontīne akazima redio.
Akavuta bahasha ya kahawia, akaipuliza vumbi,
akaandika juu yake, kwa mkono, namba moja.

Nikaizima. Nikawasha upya. Nikangoja.
Nikauliza tena, kisha nikapanda ngazi
kuugonga mlango ule ule kutoka kompyuta nyingine,
maana habari ya mlango haiulizwi kwa aliye ndani peke yake.
Kimya.
Nikashuka, nikasoma herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kwenye safu ya maelezo, ambayo Aivars haisomi, niliandika:
ilikuwa wazi, niliifungua mimi.

Ya mia na sabini na nne iko ghorofa ya nne. Lifti mbovu.
Nikazitazama tiki zilizotangulia, mia moja sabini na mbili,
zote zimeinama upande mmoja, zote mwandiko wangu,
na sikuweza kuapa kwa hata nusu yake.
Nikavuta mifuko ya viatu ikakaa sawa,
nikarudi mapokezi.